Treni, mabasi na hosteli za Uskoti mwezi wa kumi: tathmini kwa msafiri wa peke yake kutoka Nyanda za Juu Kusini

Kwa mtu mmoja asiye na gari, Uskoti ya mwezi wa kumi inasafirika vizuri sana. Treni zake nazipa alama za juu, na hosteli pia. Mabasi ya mbali ni ya wastani. Kisiwa cha Skye bila gari, siku zikiwa zimeanza kufupika, simshauri mgeni wa mara ya kwanza. Tathmini hii inamlenga anayetoka Mbeya, Njombe, Iringa au Songea, mwenye likizo ya wiki mbili hivi na bajeti ya kawaida, anayetaka kuona miji na mabonde wakati majani yanageuka rangi kabla ya kupukutika.

Mtu wa nyanda za juu anaingia Uskoti na faida moja na mtego mmoja. Faida ni kwamba baridi si ngeni kwake. Mchana wa Edinburgh mwezi Oktoba hufika wastani wa nyuzijoto 13 na usiku hushuka hadi 7 hivi. Aliyezoea alfajiri za mwezi wa saba Makete anajua makali kuliko hayo. Mtego uko kwenye urefu wa milima. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345 tu. Mji wa Mbeya wenyewe uko kwenye mita 1,700 hivi, reli ya TAZARA pale Uyole inapita kwenye mita 1,789, na Rungwe unakaribia 3,000. Ukisoma namba hizo ni rahisi kudharau. Lakini Uskoti iko kaskazini sana, upepo wa Atlantiki unaipiga bila kizuizi, na theluji inaweza kuanguka kileleni mwezi huohuo wa kumi. Mvua nayo mara nyingi inakuja kwa ubavu. Mwavuli utageuzwa nje ndani siku ya kwanza, kwa hiyo usibebe.

Koti la mvua ndilo la kutafuta mapema, na si lazima liwe jipya. Kwenye mitumba ya Mwanjelwa hupatikana makoti mazuri ya milimani, ila ujue kuyakagua. Geuza koti ndani nje. Juu ya kila mshono panatakiwa kuwe na utepe mwembamba uliobandikwa. Ukikuta umeanza kubanduka, hasa mabegani na kwenye kofia, liache, maana maji yatapita kwenye matundu ya sindano. Kisha nyunyiza maji kidogo begani. Yakijikusanya matone na kuteleza, kitambaa bado kizima. Yakinywewa na kuacha doa, dawa ya juu imekwisha. Dawa inaweza kurudishwa kwa kupulizia nyingine, lakini koti lenye utepe uliobanduka kila mahali usilipe hela yako. Ongeza suruali ya mvua, sweta la sufu na buti zenye meno. Jinzi ni za mjini: zikilowa porini hazikauki, na zinakupoza mwili mzima.

Jambo linaloharibu safari nyingi zaidi ya mvua ni mwanga. Kwetu jua linachomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Kule hali inabadilika wiki hadi wiki. Tarehe 1 Oktoba jua huzama Fort William, mji ulio chini ya Ben Nevis, karibu saa 1 jioni. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za nchi nzima zinarudishwa nyuma kwa saa moja, na kuanzia hapo giza linaanza kuingia kabla ya saa 11 jioni. Katikati ya Novemba jua limezama saa 10 na dakika chache. Kabla ya Jumapili hiyo Tanzania iko mbele yao kwa saa mbili, baada yake kwa saa tatu. Ratiba zote zimeandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 16:40 ni saa 10:40 jioni. Kipindi ninachokipendekeza ni kuanzia mwisho wa Septemba hadi siku ya saa kubadilishwa: rangi za majani zimekolea, mbu wadogo wa kule wanaosumbua makundi kwa makundi kiangazi wamekwisha, na mwanga bado unatosha kutembea baada ya chakula cha mchana.

Viza ni ya Uingereza nzima. Uskoti haina ya kwake. Fomu inajazwa mtandaoni na inapokelewa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, kwa hiyo wa Oktoba aanze Julai. Alama za vidole zinachukuliwa Dar es Salaam. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu, na ada hairudi ukikataliwa. Makosa mawili huwaangusha watu wenye sifa zote: kuingiza pesa nyingi benki kwa mkupuo wiki chache kabla ya kuomba bila kueleza zimetoka wapi, na kupeleka nyaraka za Kiswahili, kama barua ya mtendaji au mkataba wa shamba, bila tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar hadi Uskoti haipo. Unabadilisha Doha au Istanbul kwenda Edinburgh, au Dubai kwenda Glasgow. Nyama na maziwa ya nyumbani usifungashe, hayaruhusiwi kuingia. Chaji ya simu, kwa upande mwingine, itaingia kama ilivyo: soketi zao ni zilezile za pini tatu bapa. Laini ya simu ya malipo ya kabla inauzwa madukani bila kusajiliwa kwa vidole wala kitambulisho.

Miji miwili haihitaji maelezo mengi. Tramu ya uwanja wa ndege wa Edinburgh inakufikisha katikati ya mji kwa nusu saa hivi; tiketi inakatwa kwenye mashine kituoni, kabla ya kupanda. Kwenye mabasi ya Lothian, ya mjini humo, gusa kadi ya benki. Ukilipa taslimu, dereva hatoi chenji, na ziada yako imekwenda. Kabla hujaondoka hakikisha benki yako imefungulia kadi matumizi ya nje ya nchi, kwa sababu pesa ya kwenye simu haitakusaidia mlangoni mwa basi. Kutoka Edinburgh hadi Glasgow ni dakika 50, na mchana treni ni kila robo saa. Mwezi Septemba 2025 nauli za juu za saa za msongamano zilifutwa kwenye treni za ScotRail, shirika la reli la Uskoti. Kwenda na kurudi kati ya miji hii siku hiyohiyo, kwa aliyekuwa akipanda asubuhi, kulishuka kutoka pauni 32.60 hadi 16.80. Huna tena sababu ya kusubiri jua lipande ndipo uanze safari.

Mimi ningeweka makazi Glasgow kuliko Edinburgh. Treni za milimani zinaanzia pale, kituo cha Queen Street, na mji wenyewe una joto la watu: ukisimama na ramani mkononi mtu atakuuliza unaenda wapi. Treni yake ya chini ya ardhi, iliyoanza mwaka 1896, ni duara moja lenye vituo 15 na inazunguka kwa dakika 24, kwa hiyo hata ukipanda upande usio wenyewe utafika, umechelewa kidogo tu. Makumbusho ya Kelvingrove hayana kiingilio, kama ilivyo kwa Makumbusho ya Taifa kule Edinburgh, na siku ya mvua kubwa mtu anashinda humo bila kujuta.

Kwa mtu wa pande za Ziwa Nyasa, kuna kituo kimoja ambacho vitabu vya watalii hukipitia juujuu: Blantyre, mwendo usiofika nusu saa kwa treni kutoka Glasgow Central. Hapo ndipo David Livingstone alipozaliwa mwaka 1813, kwenye chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, na jengo hilo sasa ni makumbusho yenye kiingilio. Mji wa Blantyre wa Malawi umechukua jina hapo, na safu ya milima inayoinuka juu ya ziwa upande wa Ludewa imebeba jina lake. Ni vizuri kwenda ukiwa tayari unajua habari za Chuma na Susi, waliobeba mwili wake hadi pwani, maana ndipo unapoweza kuyasoma maelezo ya ukutani kwa macho yako mwenyewe.

Sasa reli ya West Highland, ambayo kwangu ndiyo sababu ya kufunga safari yote. Inatoka Glasgow Queen Street hadi Fort William kwa saa 3 na dakika 50 hivi, kisha inaendelea hadi Mallaig, bandari ya mwisho, jumla ya saa 5 na zaidi. Treni ni chache mno kwa siku, unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na Jumapili zinapungua tena. Maana yake ukiikosa moja umepoteza nusu siku. Kiti kinaweza kuwekwa bila malipo ya ziada, na mwisho wa wiki wa Oktoba fanya hivyo, kwa sababu mabehewa ni machache na wapanda milima ni wengi.

Kosa kubwa la wageni kwenye njia hii ni la behewa. Treni nyingi zinaondoka Glasgow zikiwa pacha: zikifika Crianlarich zinaachanishwa, nusu moja inakwenda Oban baharini, nusu nyingine Fort William na Mallaig. Tiketi sahihi haikuokoi ukiwa umekaa nusu isiyo yako. Soma kibao cha umeme ndani ya behewa kabla hujapandisha begi, kisha mwulize konda atakapopita. Na ukihama kwenda kutafuta dirisha zuri, hakikisha umerudi kabla ya Crianlarich. Vituo vidogo vingine treni haisimami mpaka iombwe: unayeshuka unamwambia konda mapema, unayepanda unampungia mkono dereva akikuona.

Ukitoka Glasgow, ziwa refu la bahari liitwalo Loch Long linaonekana kushoto, halafu Loch Lomond inajitokeza kulia baada ya Arrochar. Mbele ya Tyndrum reli inapinda kwa kufuata kuta za bonde, ikiuzunguka mguu wa mlima Beinn Dorain, na ukiwa nyuma unaiona reli utakayopita ng'ambo. Kisha inakuja Rannoch Moor. Ni uwanda wa tope jeusi la mboji, vidimbwi na majani yaliyogeuka rangi ya kutu. Wajenzi wa miaka ya 1890 hawakupata ardhi ngumu ya kuweka msingi, wakatandika mizizi na matawi ya miti, wakamwaga juu yake udongo na majivu kwa maelfu ya tani, na reli inaelea juu ya tandiko hilo mpaka leo. Aliyepita na TAZARA kati ya Mlimba na Makambako, kwenye mahandaki na madaraja yanayofuatana, ataithamini kazi hii: huku walipasua mwamba, kule walikosa hata mwamba wa kupasua.

Katikati ya uwanda huo kuna Corrour, kituo cha treni kilicho juu kuliko vyote kwenye reli kuu za Uingereza, mita 408. Hakuna barabara ya umma inayofika. Unashuka, treni inaondoka, na kinachobaki ni upepo na, mwezi wa kumi, milio ya kulungu dume wanaogombea majike. Mwendo wa kilomita moja na nusu hivi unakufikisha Loch Ossian, ziwa la urefu wa karibu kilomita 5 lenye hosteli ndogo kando yake. Ni mahali pazuri kuliko pote kwa msafiri wa peke yake, kwa masharti: chakula cha siku mbili mgongoni, ratiba imepigwa picha kwenye simu, kwa sababu mtandao hupotea, na treni ya kurudi iwe imechaguliwa kabla hujashuka. Usitegemee kula ndani ya treni wala kituoni.

Baada ya Fort William kaa upande wa kushoto. Daraja la Glenfinnan lina matao 21 na limepinda, kwa hiyo kutoka dirisha la kushoto unaona treni yako mwenyewe ikivuka. Treni ya mvuke ya watalii inayopita hapohapo hufanya kazi hadi Oktoba tu na bei yake ni ya juu. Mandhari ni yaleyale kwa treni ya kawaida.

Kwa rangi za majani, lakini, usiende magharibi. Nenda Perthshire, katikati ya nchi. Pitlochry ni chini ya saa mbili kutoka Glasgow au Edinburgh, na ukianzia Edinburgh unavuka daraja la Forth la mwaka 1890, chuma kitupu, kilomita 2 na nusu. Mabonde ya huko yana misonobari, mibetula na miti mingine mikubwa ya zamani ambayo kwa pamoja inatoa njano, shaba na kijani kibichi kwa wakati mmoja. Pale Pitlochry, kando ya bwawa la umeme, wamejenga ngazi ya samaki yenye vyumba 34 ili samoni wapande mto kwenda kutaga. Dunkeld, kituo cha kusini kidogo, kuna njia fupi ya miguu hadi maporomoko ya Hermitage chini ya miti mirefu ajabu. Hata mtu asiyezoea milima anaimudu na kurudi kabla ya treni ifuatayo.

Tatizo la Perthshire ni vitanda. Katikati ya Oktoba shule za Uskoti zinafunga kwa likizo ambayo wengi bado wanaiita ya viazi, kwa kuwa zamani watoto walifungiwa shule wakavune viazi, jambo ambalo mzazi wa Uporoto au Wanging'ombe halihitaji kufafanuliwa. Familia zinajaa kila mahali. Pitlochry kuna pia maonyesho ya taa msituni mwezi huo. Weka nafasi miezi miwili kabla, au lala Perth uende na kurudi kwa treni.

Hosteli ndizo zinazomfaa mtu mmoja. Unalipia kitanda, si chumba, wakati nyumba za kulala wageni za kifamilia nyingi hutoza chumba kizima, na ukiwa peke yako unabeba gharama ya wawili. Chama cha Hostelling Scotland kina hosteli mjini na mabondeni, zote usafi wa kuridhisha, na karibu kila moja ina jiko la kupikia na chumba cha kukaushia nguo. Chumba hicho ndicho kinachokuwezesha kuendelea na safari baada ya siku tatu za mvua; ning'iniza buti zikiwa zimefunguliwa kamba, na usiziweke juu ya hita, ngozi hupasuka. Beba kufuli lako. Unga wa mahindi unapatikana kwenye maduka ya Waafrika Glasgow, na ukipika ugali punguza moto mapema kuliko nyumbani, maana sufuria za hosteli ni nyembamba na majiko ya umeme hayapoi haraka. Vijijini majiko ya migahawa hufungwa mapema usiku, na nyingi ya hosteli za mbali zinafunga kabisa mwisho wa Oktoba. Kagua tarehe.

Sasa Skye. Basi la Citylink kutoka Glasgow hadi Portree, mji mkuu wa kisiwa, linachukua karibu saa 7. Njia nzuri zaidi ni treni hadi Mallaig kisha kivuko hadi Armadale, ila kwenye nusu ya pili ya Oktoba ratiba ya vivuko inageuka ya majira ya baridi na safari zinapungua, na upepo ukichafuka zinafutwa. Ukishafika, mabasi ya kisiwani ni machache kiasi kwamba sehemu mbili kwa siku ni nyingi. Kama moyo umeshaamua, lala Portree au Inverness na ununue kiti kimoja kwenye basi dogo la matembezi ya siku. Ni ghali kuliko basi la kawaida, lakini kiti ni cha mtu mmoja na bei ni ya mtu mmoja.

Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea karibu popote kwa ustaarabu, hata kwenye ardhi ya watu, mradi ayaache mageti kama alivyoyakuta na asisumbue mifugo. Msimu wa kuwinda kulungu jike unaanza tarehe 21 Oktoba, hivyo soma vibao vya njiani. Kupe bado wapo: kagua nyuma ya magoti na kiunoni kila jioni. Ben Nevis peke yako mwezi huu sikushauri. Ni kilomita 17 kwenda na kurudi, saa 7 hadi 9 za mwendo, na ukungu ukishuka kileleni njia inapita karibu na magenge yaliyoua watu. Kilima cha Cow Hill, juu tu ya Fort William, kinakupa bonde lote kwa nusu siku. Tochi ya kichwani iwe begini hata kwa matembezi ya saa mbili, na mwachie mtu wa hosteli maandishi: njia gani, kurudi saa ngapi. Ukikwama piga 999, omba polisi, kisha uokoaji wa milimani. Waokoaji ni watu wa kujitolea na hawatozi.

Dhoruba za Oktoba na Novemba huangusha miti relini. Idara ya hali ya hewa hutoa tahadhari ya njano, ya rangi ya chungwa au nyekundu. Ikifika ya chungwa, ahirisha kwenda milimani siku hiyo bila kubishana. Treni ya ScotRail ikikuchelewesha nusu saa unaweza kudai nusu ya nauli ya safari hiyo, ikichelewa saa nzima unadai yote, kwa fomu ya mtandaoni ndani ya siku 28. Tunza tiketi. Na siku ya mwisho kabla ya kwenda uwanja wa ndege fungua pochi: noti za Uskoti zinatolewa na benki tatu za kule, na maduka mengi ya kubadilisha fedha nje ya Uingereza huzikataa. Zitumie zote, au ingia benki uombe wakubadilishie za Bank of England.